Msaada: mashine ya jiwe lenye mgongo katikati, iko stoo ya guka (babu yangu). Ni ya kazi gani?

MamaMaziwa_Nyandarua

Hamjambo wakulima na mafundi. Naomba anayejua vyombo vya zamani vya shamba anisaidie kutambua kimoja. Nitakieleza kwa maneno, maana stoo ina giza na picha nilizopiga jana hazionyeshi kitu.

Kimefungwa kwa bolti nne juu ya ubao mzito wa mtarakwa. Mwili wake ni chuma cha kusubu, hakuna mahali palipochomelewa. Uzito wake ni kama debe la mahindi. Upande mmoja kuna gia kubwa, upana wa sahani ya ugali, yenye mkono wa kuzungushia. Kishikio cha mkono huo ni cha mti, kimelainika kwa viganja mpaka kinang'aa. Gia kubwa inauma gia ndogo sana, na hiyo ndogo ndiyo iliyoshika ekseli ya jiwe. Nilitia alama ya chaki kwenye jiwe nikahesabu: mkono ukizunguka mara moja, jiwe linazunguka mara kumi na mbili.

Jiwe lenyewe ndilo linanichanganya. Mawe yote ya kunolea niliyowahi kuona yana ukingo bapa. Hili limetiwa hanamu pande zote mbili, zikakutana katikati na kufanya mgongo, kama paa la nyumba lililokunjwa likawa duara. Ukilitazama kwa ubavu ni kama sahani mbili za chai zilizofunikana. Tena jiwe halikai pahali pamoja. Fremu iliyolibeba inayumba mbele na nyuma kama susu ya mtoto, ukiisukuma kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha. Mbele ya jiwe kuna taya mbili ndefu zenye mfereji, na skrubu ya kukazia yenye masikio kama ya nati ya baiskeli.

Kwenye mwili kuna herufi zilizosubiwa pamoja na chuma lakini zimejaa kutu. Nimeweza kusoma mwisho tu: AUKEE.

Guka alikuwa mtu wa stoo katika shamba la mzungu upande wa Ol Kalou. Alipopata kipande chake cha ardhi mwaka 1964, mashamba yale yalipogawanywa, alinunua vitu kadhaa kwenye mnada wa huyo mzungu aliyekuwa anaondoka. Plau aliiuza baadaye, reki kubwa ya chuma ikaoza nje, lakini hiki hakukiachia mvua hata siku moja. Kila Novemba alikipaka oili chafu ya gari na kukifunika gunia. Sisi wajukuu tulikatazwa kukigusa, na hakuna aliyeambiwa sababu. Guka alifariki mwaka 1998.

Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili na mizani yake, na ami yangu anaona nakawia bure. Mimi nafuga ng'ombe tisa wa maziwa hapo hapo na stoo ni mimi naitumia. Sitaki kitu ambacho guka alikilinda miaka thelathini na nne kiende kwa kilo kabla sijajua kilikuwa kinafanya nini. Jirani anasema ni cha kunolea panga. Nimejaribu panga. Mgongo wa jiwe ulichimba mfereji kwenye makali badala ya kuyanoa, nikaacha haraka.

KijanaWaJuaKali

Dada, hiyo ni grainda ya mkono. Jirani yako yuko sawa, shida ni jiwe limeharibika kwa kutumiwa vibaya. Lisugue mgongo uishe liwe bapa, toa hilo gia kubwa, weka puli na mota ya nguvu farasi moja. Utanoa mapanga, mashoka na slasha za kijiji kizima. Nina karakana, nikiwa karibu ningekufanyia.

Mfugaji_Molo

Usisugue chochote bado. Mimi kwanza nilidhani ni ya kupukuchua mahindi, kwa jinsi gia ilivyokaa, lakini ya mahindi ina sahani ya chuma yenye chunusi ndani, haina jiwe. Na jiwe lililoharibika kwa matumizi huliwa upande mmoja au huwa na mabonde. Hili lako hanamu zake zinalingana pande zote, kwa hiyo lilitoka kiwandani hivyo. Hebu tumngoje yule mzee wa Njoro, huwa anaingia hapa jioni.

FundiMstaafu_Njoro

Binti yangu, nimefika. Asante kwa kueleza vizuri, maana picha isingeniambia zaidi ya hayo. Hicho ni kinoleo cha kisu cha moa, yaani mashine ya kukatia nyasi. Nasema bila wasiwasi kwa sababu nimekizungusha mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ukisikia moa usifikirie ile ya viwanja vya hoteli yenye panga linalozunguka. Moa ya shamba ya wakati ule ilikuwa na magurudumu mawili ya chuma, kiti cha dereva katikati, na ubavuni upande wa kulia mkono mrefu uliolala karibu na ardhi. Ndani ya mkono huo kuna ukanda wa chuma, na juu ya ukanda yamepigwa ribiti meno ya pembetatu, moja kando ya jingine, kama msumeno wa jitu. Huo ukanda na meno yake ndio tuliita kisu. Kitako cha kila jino ni inchi 3, yaani milimita 76. Moa ya futi 5 ina meno 20, ya futi 6 ina 24. Magurudumu yanapozunguka, gia zinazungusha gurudumu dogo mbele, na kutoka hapo mti mmoja mgumu unasukuma na kuvuta kisu, kulia kushoto, kulia kushoto. Meno yanapita ndani ya vidole vya chuma vilivyochongoka mbele. Nyasi inaingia baina ya kidole na kidole, jino linaibana kwenye kibamba kilicho ndani ya kidole, inakatika kama kwa mkasi.

Sasa weka meno mawili ya jirani akilini. Baina yake kuna pengo la umbo la V. Mtu mwenye tupa atanoa ukingo mmoja, ageuze mkono, anoe wa pili, na kwa meno 20 ni kingo 40. Jiwe lako lenye mgongo linaingia ndani ya hilo pengo. Hanamu yake ya kushoto inanoa jino la kushoto, ya kulia inanoa jino la kulia, zote mbili kwa pamoja na kwa mlalo uleule. Ndiyo maana fremu inayumba: jiwe litembee kutoka shina la jino mpaka ncha na kurudi. Zile taya na mfereji ni za kushikia kisu. Ukimaliza pengo moja unalegeza skrubu yenye masikio, unasogeza kisu jino moja, unakaza, unaendelea. Wenzetu wengine walikuwa na vinoleo vya kufungwa kwenye gurudumu la moa lenyewe, kule kule shambani. Cha guka wako ni cha karakana.

Niliingia karakana ya shamba moja kati ya Njoro na Elburgon mwaka 1963 nikiwa na miaka 16. Trekta zilikuwapo, lakini nyasi za bondeni, mahali penye majimaji, bado zilikatwa kwa moa ya maksai. Hapo kuna jambo ambalo nataka ulielewe, kwa sababu linaeleza kwa nini babu yako alikithamini. Moa hizi zilibuniwa kwa farasi. Kisu kinapata nguvu kutoka kwa magurudumu, basi mwendo wa mnyama ndio mwendo wa kisu. Farasi anatembea upesi, kisu kinapiga haraka, hata kikiwa kimepungua makali kinapasua nyasi kwa kasi. Maksai anatembea taratibu. Kisu kinakwenda polepole, nyasi inapata muda wa kulala badala ya kukatika, inajikunja ndani ya vidole, moa inaziba. Dereva anasimamisha maksai, anarudi nyuma hatua mbili, anatoa nyasi kwa fimbo, anaanza tena. Hatua ishirini, imeziba tena. Kwa hiyo kwetu sisi wa maksai makali ndiyo yaliyokata nyasi, mwendo haukuwapo. Aliyenoa kisu alikuwa na heshima yake, hata kama mshahara wake ulikuwa ule ule.

Kila moa ilikuwa na visu viwili. Kimoja kiko kazini tangu umande kukauka mpaka saa sita, kingine kimenolewa kinangoja. Mchana vinabadilishwa. Jioni vyote viwili vinaletwa karakana. Mimi nilizungusha mkono, na mzee mmoja wa Kikipsigis, ambaye alinifundisha kazi hii, alisukuma fremu. Hakuruhusu mtu mwingine aisukume kwa mwaka mzima.

Nakuomba uangalie stoo yako mambo matatu. La kwanza, ukanda wa chuma wenye meno ya pembetatu, urefu wa zaidi ya futi tano, upande mmoja una kichwa cha kufungia mti wa kusukuma. La pili, kiti cha chuma chenye umbo la matako na matundu ya kupitisha maji ya mvua. La tatu, fimbo nene ya mti yenye vyuma ncha zote mbili. Ukipata lolote kati ya haya, basi babu yako alinunua moa nzima, si kinoleo peke yake.

MamaMaziwa_Nyandarua

Mzee wangu, nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama stoo na tochi.

Kisu kiko. Kimekuwa juu ya mlango siku zote, kimelazwa juu ya misumari mitatu, nasi tunatundikia kamba za ng'ombe na chujio la maziwa. Nyumbani tunakiita msumeno wa guka. Nimekishusha kwa msaada wa kijana anayenikamulia. Meno ni 20, nimehesabu. Kichwa chake kina tundu kubwa lililoliwa upande mmoja.

Na kiti, mzee! Kiti cha chuma chenye matundu kiko jikoni kwa cucu, nyanya yangu. Kimepachikwa juu ya gogo la mti, na cucu alikikalia akimenya viazi miaka yote niliyomjua. Alikuwa anaweka ngozi ya kondoo juu yake kwa sababu ya baridi ya Kinangop. Nimekikalia mimi, amekikalia mama yangu, hakuna aliyejiuliza kwa nini kiti cha jikoni kina matundu. Fimbo sijaipata, labda ilichomwa.

Niliposhika kisu nikaingiza jiwe baina ya meno mawili, niliwasha tochi upande wa pili. Mwanga haukupita, si kushoto wala kulia. Nimekaa pale kitambo.

Sasa nina maswali, mnisamehe yakiwa mengi. Meno matatu ni membamba, yameliwa mpaka yanafanana na ncha ya mkuki, na moja limevunjika kabisa. Hayo yananoleka? Na nikinoa, nianzie wapi nisiharibu? Nauliza kwa sababu nina ekari mbili za oti na nyasi ya kikuyu ambazo nakatia kwa slasha, watu wanne siku mbili, na kuna mtu Ol Joro Orok anauza moa ndogo ya petroli ya kusukuma kwa mkono yenye kisu cha namna hii hii. Nilikuwa naogopa kuinunua kwa sababu hapa hakuna wa kunoa.

MtuWaEldoret_Wisconsin

Salamu kutoka mbali. Mimi ni mtu wa Sisibo, yaani Eldoret, lakini nafanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa hapa Wisconsin, na hizo herufi zako zimenifanya niandike. AUKEE ni mwisho wa Milwaukee, mji mkubwa wa jimbo hili, ulio kando ya Ziwa Michigan. Karne iliyopita ilipoanza mji huo ulijaa viwanda vya chuma.

Ila Milwaukee peke yake haitoshi, kwa maana kuna njia mbili. Kulikuwa na Milwaukee Harvester, watengenezaji wa moa na mashine za kuvuna, ambao mwaka 1902 waliunganishwa na McCormick, Deering na wengine wawili ikazaliwa International Harvester. Na kulikuwa na Luther Grinder, ambao kazi yao ilikuwa vinoleo hasa: vya kuzungusha kwa mkono na vya kukanyaga kwa pedali kama baiskeli. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa usafishe mbele ya hizo herufi polepole, usitumie grainda wala patasi. Ukiona HARV ni wale wa kwanza, ukiona GRIND ni wa pili.

Jambo jingine ni jiwe. Limulike tochi kwa mshazari. Likiwa la kijivu kilichokoza na linametameta kama sukari, hilo si jiwe la kuchimbwa. Ni kaborundamu, iliyogunduliwa na Edward Acheson wa Marekani mwaka 1891 akipasha udongo wa mfinyanzi na makaa kwa umeme. Kabla yake watu walitumia mawe ya mchanga yaliyochongwa machimboni, ambayo ni laini na mgongo wake huisha upesi. Mgongo wako kubaki mkali miaka yote hii kunanifanya niamini ni kaborundamu.

Kuhusu bei, nisikufiche. Huku vinoleo hivi vinapatikana kwenye minada ya mashamba, na huuzwa kwa makumi ya dola, si maelfu. Kwa hiyo sikuambii uliweke ukitegemea utajiri. Nakuambia uliweke kwa sababu huku mashamba ya Waamishi, wanaolima kwa farasi mpaka leo, bado wanavitumia, na mtu hatumii chombo kibovu kwa miaka mia.

FundiMstaafu_Njoro

Kijana wa Eldoret, asante kwa hilo la Milwaukee, mimi nilidhani ni la Kiingereza kwa sababu moa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Bamford wa Uingereza. Lakini vyombo vya Marekani tulikuwa navyo vingi. Vilishuka Mombasa vikaja kwa reli, na ile njia ya Gilgil kwenda Nyahururu ilipita hapo hapo Ol Kalou.

Mama Maziwa, kabla ya yote kipime jiwe. Litoe kwenye ekseli, lipitishe kidole au kijiti kwenye tundu lining'inie, uligonge polepole kwa mpini wa bisibisi wa mti, huku na huku. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, usilizungushe tena hata mara moja, haijalishi linavyoonekana.

Likiwa zima, safisha kisu kwanza. Utomvu wa nyasi hukauka juu ya meno ukawa kama gundi, na jiwe likiula utomvu huo linaziba vitundu vyake halinoi. Mafuta ya taa na kitambaa yanatosha. Kisha geuza kisu uone: upande mmoja meno yana hanamu, upande wa pili ni bapa kabisa. Noa upande wa hanamu peke yake. Ule bapa ndio unaosuguana na vibamba ndani ya vidole, ukiutia jiwe hata kidogo, mkasi unapata pengo na nyasi inakunjwa badala ya kukatwa. Wengi waliharibu visu hapo. Baada ya kunoa utaona kinyweleo cha chuma kimejikunja upande wa chini, hicho kiondoe kwa kinoo cha mkono kilicholala bapa, mara moja mbili tu.

Dondoshea jiwe maji kwa kopo lenye tundu. Usikandamize. Jino likianza kuwa na rangi ya buluu kwenye ncha, umelichoma, ugumu wake umekwisha, na hapo halitashika makali tena. Mzee wangu wa Kikipsigis hakutazama jiwe, alilisikiliza. Jiwe linaloenda sawa linavuma sauti moja. Likianza kupiga kelele za juu, aliinua mkono na mimi nikapunguza mwendo.

Hayo meno matatu membamba usiyanoe. Jino likiliwa hivyo halifiki tena kwenye kibamba kwa wakati wake, linaacha mstari wa nyasi zilizosimama, kama nywele zilizonyolewa na mtoto. Badilisha, pamoja na lililovunjika. Kuyatoa hakuhitaji kutoboa. Simamisha kisu kwenye jiliwa, mgongo wa ukanda juu, meno yakitazama chini nje ya taya, ukanda ukiwa umeshikwa sawasawa. Kitako cha jino kimejitokeza kidogo nyuma ya ukanda. Kipige nyundo pigo moja zito kuelekea chini, ribiti zote mbili zinakatika pamoja. Kisha unasukuma mabaki yake kwa ponchi.

KijanaWaJuaKali

Mzee, nakubali nilikosea kuhusu kusugua mgongo. Niliona jiwe nikafikiria panga. Lakini naomba nieleweshwe kuhusu mota. Akiacha jiwe lilivyo na kuweka puli, si atapumzisha mkono? Na kuhusu meno mapya: maduka ya vipuri vya kombaini Nakuru yana meno ya inchi 3, nimeyaona kwa macho.

FundiMstaafu_Njoro

Umeuliza vizuri, kijana, na swali la mota ni la uhai wa mtu, nitalijibu kwa hesabu. Mtu akizungusha mkono mara 60 kwa dakika, kwa gia ya mama huyu jiwe linazunguka mara 720. Mota ya kawaida ya umeme wetu huzunguka karibu mara 1,450 au 2,900 kwa dakika. Nguvu inayotaka kulipasua jiwe haiongezeki sawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kasi ikizidi mara nne, nguvu inazidi mara kumi na sita. Jiwe hili lilitengenezwa kwa mkono wa mtu, lina miaka mingi, na anayenoa ameliinamia uso wake. Likipasuka, vipande vinakwenda kifuani na machoni. Nimeona jiwe la kawaida likipasuka karakana, kipande kiliingia kwenye nguzo ya mti na kikabaki humo. Kwa hiyo msiweke mota, hata ndogo, hata kwa puli ya kupunguza, kwa sababu siku moja atakuja mtu abadilishe puli. Na hata kwa mkono, vaa miwani ya kazi.

Meno ya kombaini ni kweli yanaingia, ila tazama kingo zake. Mengi yana vichonge vidogo vidogo, kwa sababu bua la ngano ni kavu na linateleza. Hayo hayanolewi kwa jiwe hili, jiwe linafuta vichonge. Kwa nyasi na oti mbichi muulize mwenye duka meno laini yasiyo na vichonge. Na ribiti anunue za chuma laini.

KijanaWaJuaKali

Nimeelewa, mzee. Mama Maziwa, nina jiliwa kubwa na ponchi za saizi zote. Niko Gilgil, si mbali. Ukileta kisu na meno mapya, kuyapiga ribiti sitakutoza. Nataka kuona hiyo nyundo ya pigo moja ikifanya kazi.

MamaMaziwa_Nyandarua

Ni wiki mbili sasa, narudi kuwapa habari.

Herufi zimetoka. Nilisafisha jioni tatu kwa brashi na mafuta ya taa. Mstari wa juu unasomeka HER GRIND, kisha chuma kimeliwa, na wa chini MILWAUKEE yote. Kwa hiyo ni Luther, kama alivyosema mtu wetu wa Wisconsin. Jiwe linametameta kama sukari. Nilipoligonga liliimba, mpaka paka akatoka chini ya gunia.

Ami yangu nilimwita stoo nikamzungushia mkono huku kisu kikiwa ndani ya taya. Hakusema neno juu ya mnunuzi wa vyuma. Aliniambia kitu ambacho sikukijua: kabla sijazaliwa, guka alikuwa akikodisha moa na maksai wake kwa majirani waliopata vipande vyao pamoja naye, na walilipa kwa magunia ya viazi na siku za palizi. Moa yenyewe iliuzwa mwaka wa ukame, 1984, pamoja na maksai. Kiti kilibaki kwa sababu aliyenunua alikuwa na chake.

Moa ya petroli ya Ol Joro Orok nimeinunua. Kabla ya kulipa nilipima meno yake kwa rula: milimita 76, na ni laini. Nimekinoa kisu chake mwenyewe, kijana wangu akizungusha na mimi nikisukuma fremu. Pengo la kwanza lilinichukua dakika kumi kwa woga, la mwisho dakika moja na nusu. Nilichoma jino moja, la tano, ncha ikawa buluu, na nimelitia alama ya rangi ili nilibadilishe. Jumamosi umande ulipokauka tulikata robo ekari ya oti kabla ya chai. Haikuziba hata mara moja.

Kuna jambo la mwisho, na hili nakueleza hasa wewe, mzee wa Njoro, kwa sababu ulisema kila moa ilikuwa na visu viwili. Nilirudi kutafuta cha pili. Kilikuwa kwenye dari, kimefungwa kwa magunia mawili na kamba ya katani, kimepakwa grisi mpaka imekuwa ngumu kama nta. Nilifuta jino moja kwa kidole nikajikata. Meno yote 20 yamenolewa, hanamu zake bado ni nyeupe, upande bapa haujaguswa, na kwenye kila jino mistari ya jiwe inakwenda kutoka shina hadi ncha, sawasawa. Sikukitumia. Nimekipaka grisi mpya, nikakifunga kwa magunia yale yale, na kijana wangu akapanda kukirudisha darini.